Mbao Kwenye Mizani ya Watoto

Matroni wa zahanati yetu alikwama chooni saa nzima na dakika kumi, na hiyo ndiyo siku mume wangu alipoanza kuwa seremala wa kweli.

Hakuna aliyemfungia. Mlango ulijifunga wenyewe. Ulikuwa mlango mpya, kazi ya mikono ya mume wangu, una miezi minne tu tangu aupachike, na katika miezi hiyo ulikuwa umejipinda polepole kama kitabu kilicholowa kikaanikwa juani. Kuingia uliingilika, kwa kuusukuma kwa bega. Kutoka, ukagoma.

Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kinatazamana na lango la zahanati, kwa hiyo nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusikia makelele. Mume wangu akaitwa, akaja mbio na msumeno na patasi. Hapa mtaani wanamwita Randa. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi yake, kumbe ni kwa sababu ya mdomo wake: hakuna neno gumu asiloweza kulilainisha. Alipofika, foleni yote ya wagonjwa ilikuwa imehamia mlangoni mwa choo. Hata mzee mmoja aliyekuja akilalamika kwamba mguu haukanyagiki alikuwa mbele kabisa.

"Matroni, usiwe na wasiwasi," mume wangu akasema kwa sauti ya kubembeleza. "Hili ni jambo dogo sana."

"Kama ni dogo," sauti ikajibu kutoka ndani, "mbona mimi bado nimo humu?"

Ilibidi aukate mlango katikati. Matroni akatoka, akaweka kofia yake sawa, akaitikia pole za watu mmoja mmoja kana kwamba amerudi safari, kisha akamwambia mume wangu, "Twende ofisini."

Nilidhani anakwenda kufokewa. Ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Zahanati ilikuwa inajengewa wodi mpya ya wazazi, na milango ilikuwa kumi na minne. Matroni angependa kazi ile ifanywe na mtu wa hapa hapa mtaani. Lakini kamati nzima ya zahanati ilikuwa imeshausikia mkasa wa choo hata kabla hajanawa mikono.

"Wapiga lipu watamaliza baada ya wiki kumi, na milango iwe tayari," akamwambia. "Niletee mbao iliyokauka, nione kwa macho yangu kwamba imekauka. Ukishindwa sitakulaumu, ila nitatafuta fundi mwingine."

Jioni ile mume wangu alilaumu kila kitu. Alilaumu mvua, ukuta, waliopiga deki na kumwaga maji hovyo. Nilimsikiliza mpaka nikamaliza kupinda pindo za sare saba, ndipo nikasema, "Mbao ilikuwa mbichi."

Akasema kwa sauti ya chini, "Ilikuwa mbichi. Lakini ya kuanika kivulini ingetaka mwaka mzima. Nani atanisubiri mwaka?"

"Kwa hiyo unahitaji tanuri la kukaushia."

"Nahitaji tanuri. Na mjenzi wa tanuri nimtoe wapi?"

Tukatazamana. Wote wawili tulijua jibu, na yeye hakulipenda hata kidogo.

Mama yangu ni mfinyanzi. Amechoma vyungu, mitungi na matofali kwa miaka thelathini na mitano, na joko lake limesimama nyuma ya nyumba yake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Moto anaujua kama ninavyoujua uzi. Tatizo ni kwamba mama husema maneno kumi kwa siku, na mume wangu huyasema kumi kabla hajavuta pumzi. Tangu tuoane, miaka tisa, walikuwa wamesalimiana vizuri tu, kwa heshima zote, kisha kila mmoja akatafuta pa kutazama. Mama aliwahi kuniambia, "Mumeo ni mtu mwema. Ila ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia." Na mume wangu kwa upande wake alikuwa anamwogopa kupita kiasi. Nilishamwona akizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya nyumba yake na shati lililochanika.

Kesho yake alivaa shati zima, tukaenda. Mama alikuwa anasugua tumbo la mtungi kwa jiwe laini. Mume wangu akaanza hotuba. Alianza na afya yake mama, akapita kwenye sifa za vyungu vyake, akaingia kwenye maendeleo ya mtaa, umuhimu wa wodi ya wazazi, tabia za miti mbalimbali, na mahali fulani katikati nikasikia neno tanuri likipita kama mtu anayejipenyeza kwenye umati. Mama alisugua mtungi mpaka akauzunguka wote.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Unataka nikujengee tanuri."

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Mimi fundi, wewe saidia fundi. Saruji sitaki kuiona. Na mlango wa tanuri haufunguliwi mpaka niseme mimi."

Yalikuwa maneno yake mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia kwa siku moja. Mume wangu alirudi nyumbani kimya, nikampima joto la paji la uso kwa mzaha.

Walijenga nyuma ya karakana yake. Wateja waliokuja kuulizia vitanda vyao walimkuta Randa, suruali imekunjwa mpaka magotini, anakanyaga udongo na mchanga kwa miguu huku mama mkwe wake amemsimamia na mwiko mkononi. "Kanyaga na pembeni," mama alikuwa akisema. "Pembeni hapana wa kukukanyagia." Watu walicheka, naye siku mbili za mwanzo aliona haya. Siku ya tatu alianza kuwajibu wateja kwamba ameajiriwa, wamwombee ruhusa kwa bosi.

Kila tofali mama aliligonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kulipokea. Lililoiva sawasawa lilitoa mlio mkali kama wa kengele, akalipitisha. Lililoitika bubu akaliweka kando. Mume wangu aliipenda sana mbinu hiyo. Wiki ile aligonga kila kitu nyumbani: sahani, ndoo, ukuta, meza ya cherehani yangu. Asubuhi moja nilimkuta anagonga tikiti maji sokoni, muuzaji anamtazama.

Kuhusu saruji walibishana mara moja tu. Mume wangu alisema ukuta wa udongo utaonekana wa kizamani.

"Saruji na moto hawaelewani," mama akasema. "Moto ukipanda, tofali linataka kutanuka kidogo. Udongo unaliachia nafasi. Saruji inakaza shingo, ukuta unapasuka. Wewe ukivaa suruali ya kubana ukainama, nini kinatokea?"

Mume wangu akanitazama mimi mshonaji, nikatazama pembeni. Alijua kinachotokea.

Tanuri lenyewe lilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu. Mdomo wa moto ulikuwa nje, na joto lilipita kwenye mfereji wa matofali chini ya sakafu likatokea upande wa pili kwenye dohani, hivyo kwamba moshi haukuigusa mbao hata kidogo. Juu ya kuta mama aliacha matundu ya kutolea unyevu. Ubavuni aliacha kidirisha chenye tofali moja lisilokandikwa, la kuchomoa na kurudisha. Kuni hazikuwa shida, kwa kuwa karakana ilikuwa imejaa vipande na takataka za mbao ambazo mume wangu alikuwa akizigawa bure miaka yote.

Mbao zikapangwa tabaka kwa tabaka, katikati ya kila tabaka vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Mwishowe mama akaingiza mabeseni matatu ya maji, akayaweka juu ya sakafu, akafunga mlango na kuukandika udongo pembeni.

"Maji ya nini?" mume wangu akauliza.

"Ya kukaa humo," mama akajibu. "Mimi naondoka siku tatu, napeleka mitungi. Moto uwe mdogo. Ukiweka kiganja ukutani, kivumilie mpaka uhesabu ishirini. Usichochee zaidi ya hapo."

Akaondoka. Siku ya kwanza mume wangu alihesabu ishirini kila alipopita. Siku ya pili, saa nne asubuhi, matroni akatuma ujumbe: wapiga lipu wameongezewa watu, watamaliza wiki tatu kabla ya wakati.

Niliyaona yote kutoka dirisha la nyuma la kibanda changu, kinachopakana na karakana, kwa hiyo na mimi sina pa kujificha. Nilimwona akizunguka tanuri. Nilimwona akibomoa ule udongo wa mlango, akatoa mabeseni, moja, mbili, tatu. Alinitazama, akasema, "Chumba cha kukaushia, ndani maji! Ni sawa na kukata kiu kwa chumvi." Nilipaswa kumkumbusha maneno ya mama. Lakini kusema kweli hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo, nikarudi kwenye cherehani yangu. Akaukandika tena mlango, akachochea moto mpaka ukuta haukuhesabika hata tatu.

Kesho yake mchana tukaanza kusikia. Paa! Kimya. Paa! Paa! Kama bisi kwenye sufuria. Mume wangu alisimama katikati ya karakana na kalamu sikioni, rangi imemtoka.

Tulipofungua, joto lilitusukuma nyuma. Mbao zilikuwa zimepasuka ncha zote, nyufa za kuingiza kidole. Nyingine zilikuwa zimejikunja pembe mbili juu, pembe mbili chini, hazitaki kulala. Moja aliikata katikati kuitazama. Nje ilikuwa kavu kama mfupa, moyoni bado mbichi.

Alikaa juu ya gogo, akaanza kufikiri kwa sauti. Angesema upepo ulibadilika. Angesema kuni zile zilikuwa na mafuta. Ningeshuhudia kwamba upepo ulibadilika, siyo? Nikamwambia sikuuona upepo wowote. Akasema hata yeye hakuuona.

Mama alirudi jioni, jua bado lipo, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Hakupitia kwake, alikuja moja kwa moja karakana. Nikamwona mume wangu akifungua mdomo, nikajiandaa kwa hotuba. Badala yake akasema, "Mama, nimeziharibu. Nilitoa maji, nikaongeza moto."

Basi. Mimi nikasema, "Na mimi nilimwona, nikanyamaza."

Mama akaingia ndani ya tanuri. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa amebeba ubao mmoja uliojikunja vibaya kuliko wote. Akauweka chini, ukayumba huku na huku kama kiti cha kubembea. Akauangalia ukiyumba. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Mama yangu, ambaye kicheko chake nilikijua kwa pembe za macho tu, alicheka mpaka kilemba kikafunguka, akalazimika kukaa chini.

"Joko langu la kwanza," akasema alipopata pumzi, "nilipasua vyungu sitini na viwili. Vyote. Nilichochea kwa haraka hivi hivi. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa ananifundisha, na nilimwogopa kama ninyi mnavyoniogopa mimi. Basi nikamwambia mbuzi aliingia jokoni."

"Mbuzi?" mume wangu akasema. "Ndani ya moto?"

"Ndani ya moto. Nikamwambia aliingia, akavikanyaga vyote, akatoka."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, huyo mbuzi aliyeiva yuko wapi, tumle."

Hapo tulicheka wote watatu, mpaka jirani akachungulia kutuuliza kama kuna heri. Na mume wangu alipokuwa bado anafuta machozi, mama akamfundisha. Alimfundisha kwa maneno mengi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mama ana maneno, ila huyaweka kwa ajili ya mtu anayeuliza.

"Maji yamo ndani ya mbao kama yalivyomo ndani ya chungu kibichi," akasema. "Ukikimbiza moto, ngozi ya nje inakauka kwanza, inajifunga. Ya ndani yanataka kutoka, yanakuta mlango umefungwa. Lazima kitu kipasuke. Yale mabeseni ni ya kuilainisha ngozi, isifunge haraka. Siku za mwisho ndipo unayatoa."

"Na nitajuaje kwamba yote yamekwisha kutoka?"

"Lete kioo."

Kioo kilichokuwepo ni changu, cha wateja kujitazamia. Mama alionyesha jinsi ya kukishika mbele ya tundu la juu: kikiingia ukungu, maji bado yanatoka. Tangu siku ile wateja wangu wakawa wanaulizia kioo, nami nawaelekeza kwenye tanuri.

Lakini mume wangu alitaka uhakika zaidi ya ukungu, na wazo hili lilikuwa lake mwenyewe. Safari ya pili, alipoleta mbao nyingine, alikata kipande cha urefu wa mkono kutoka katika hizo hizo, akakiweka karibu na kidirisha. Kama maji yana uzito, akasema, kipande kitakuwa kinapungua kila siku. Siku kitakapoacha kupungua, maji yamekwisha. Mama alifikiri, akamgonga begani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Hili limeiva."

Mizani ya kuonyesha upungufu mdogo namna ile ilikuwa moja tu karibu nasi: ya zahanati, ya kupimia vichanga.

Basi kila asubuhi, siku kumi na tano mfululizo, mume wangu alikaa kwenye benchi pamoja na akina mama na watoto wao, yeye amepakata kipande cha mbao kilichofungwa kwenye taulo. Taulo si sharti la mizani, bali alisema anaona vibaya kukaa pale na mbao tupu. Matroni alimfungulia kadi. Kwenye nafasi ya jina la mtoto aliandika "Mbao", kwenye jina la mzazi akaandika "Randa", na kila alipomwita alitandika kitambaa kwenye sahani ya mizani kama anavyowatandikia wote.

"Kilo nne na robo," akasoma siku ya kwanza. "Afya njema."

Siku ya nne zilikuwa zimebaki tatu na gramu mia nane. Mama mmoja mwenye pacha akamtazama kwa huruma. "Fundi, mtoto wako anakonda."

"Ndiyo furaha yangu, dada."

"Unamnyonyesha lakini?"

"Namkausha."

Benchi zima likaangua kicheko, watoto wakaanza kulia, matroni akatoka kuuliza nani anamvurugia kliniki. Kadi za wengine mstari ulipanda, ya mume wangu ulishuka, na mtaa ukaanza kufuatilia. Watu walinisimamisha njiani kuniuliza, leo ngapi? Muuza duka akaweka ubao mdogo nje ya duka, anaandika uzito wa siku. Mama alihesabu ishirini zake ukutani asubuhi na alasiri, mume wangu akichochea pale tu alipoambiwa, na wakati wa kusubiri wakawa wanazungumza: juu ya miti, juu ya udongo, juu ya baba yangu marehemu, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa sijasikia nusu ya vituko vyake.

Siku ya kumi na tatu kipande kilikuwa na kilo mbili na gramu mia tisa. Ya kumi na nne, vile vile. Ya kumi na tano, vile vile. Matroni alipima mara mbili, akakigonga, akakinusa, akapiga mhuri kwenye kadi.

"Mwanao ameacha kukonda," akasema. "Nenda katengeneze milango."

Walipofungua tanuri, mbao zilitoka zimenyooka, nyepesi, zina harufu kama ya mkate. Mume wangu alizigonga moja baada ya nyingine, nazo zikalia. Alitengeneza milango kumi na minne kwa siku kumi na nane, na wapiga lipu walikuwa bado wanapaka chokaa ukuta wa mwisho alipoufunga wa kumi na nne kwenye bawaba. Matroni alipita akiifungua na kuifunga yote, mlango kwa mlango, mara tatu tatu. Mama alikuja kuitazama pia. Alisimama mbele ya mlango wa chumba cha kujifungulia, akapitisha kiganja kwenye ubao kuanzia juu mpaka chini, kama anavyopitisha kwenye tumbo la mtungi. "Laini," akasema.

Wiki mbili baadaye mvua zikaanza, na kwa kawaida mvua zikianza mama hukaa bure miezi miwili, kwa sababu vyungu vibichi havikauki. Mwaka huu mume wangu alimwekea rafu ndani ya tanuri, mbao chini, vyungu juu. Mama akafinyanga mvua nzima. Wakaanza kugombania nafasi. Mama anataka joto la polepole kwa mitungi, mume wangu anataka mbao zake zitoke Ijumaa, wakaniita niwe mwamuzi, nikawachorea ratiba kwa chaki ukutani. Hawaifuati. Kutwa nawasikia wakibishana na kucheka huko nyuma, mpaka siku nyingine nashindwa kusikia cherehani yangu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita mvua haikukatika tangu asubuhi. Nilichukua shuka zangu mbili zilizokaa siku tatu bila kukauka, nikaingia nazo tanurini. Mama aliniona, akauliza nakwenda wapi na hizo. Nikamwambia. Akamwita mume wangu apigilie misumari miwili ya kufungia kamba, kisha akasogeza mitungi yake mitatu, akanipisha.